Mgonjwa Haulizwi Uji: Wajibu wa Daktari Mbele ya Sahani

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja hugombana. Ya kwanza husema: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mtu akiwa taabani apewe kwanza, maswali yaje baadaye. Ya pili husema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hii hututaka tuache kushughulika na matokeo, tutafute chanzo mapema. Daktari husikia sauti hizi mbili kila siku. Moja humwambia amhudumie huyu aliyelala mbele yake. Nyingine humwambia aende akatafute kwa nini wanaletwa wengi namna hii.

Katika insha hii nauliza swali moja. Daktari akigundua kwamba chanzo cha ugonjwa kiko kwenye sahani ya mgonjwa, wajibu wake unaishia wapi? Je, akishampa ushauri wa chakula amemaliza kazi, au anadaiwa pia kuuliza ni nani anayeijaza sahani ile na ni nani anayeipunguza? Nitapitia kwanza kazi za wapasuaji waliogeuka kuwa watafiti wa lishe, hasa Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Kisha nitalileta swali hili Dzaleka, ninakoishi, na Lilongwe, ninakosomea lishe.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini nazungumzia wapasuaji. Lishe tumezoea kuihusisha na wakulima, akina mama na madaktari wa watoto. Lakini mpasuaji hukutana na njaa mahali ambapo haiwezi kujificha, yaani kwenye kidonda. Mwaka 1936 daktari Hiram Studley wa Cleveland, Marekani, aliwachunguza wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya upasuaji, karibu mmoja katika kila watatu alifariki. Miongoni mwa waliopoteza uzito kidogo zaidi ya huo, walifariki wasiofika wanne katika kila mia. Upasuaji ulikuwa wa aina ileile. Tofauti ilikuwa katika miili iliyoupokea.

Sababu yake ilikuwa imeanza kueleweka miaka hiyohiyo. Huko Glasgow, David Cuthbertson alipima mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu, akakuta wanapoteza naitrojeni nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Naitrojeni hiyo ilikuwa ishara kwamba misuli inavunjwa. Mwili ulioumia huhitaji protini ya kujitengeneza, na usipoipata kwenye chakula huichukua kwenye nyama yake wenyewe. Kwa hiyo mgonjwa asiyekula baada ya upasuaji hujila polepole.

Stanley Dudrick, mpasuaji kijana wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alilichukua tatizo hili katika miaka ya 1960. Wagonjwa ambao utumbo wao haukuweza kufanya kazi walikuwa wakifa hata pale upasuaji ulipofanikiwa. Dudrick na wenzake walitengeneza mchanganyiko wa sukari, protini iliyovunjwavunjwa, vitamini na madini, wakauingiza moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo. Waliujaribu kwanza kwa watoto wa mbwa, nao wakakua bila kula chochote kwa mdomo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1968, na njia hiyo imeokoa watu wengi sana duniani, wakiwamo watoto wachanga waliozaliwa na utumbo usiotosha. Naiona kazi hii kuwa utii kamili kwa methali ya kwanza. Mgonjwa hakuulizwa uji. Alipewa, hata kama ilibidi uji upite kwenye mshipa.

Burkitt alikwenda njia nyingine. Alizaliwa Enniskillen, Ayalandi, mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, akafika Uganda mwaka 1946 kama daktari wa serikali ya kikoloni. Alianzia Lira, kisha akahamia Mulago. Mwaka 1957 mwenzake, daktari Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye, alipotembelea hospitali ya Jinja, Burkitt aliona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu tu. Wawili walimfanya aanze kuhesabu. Alituma hojaji na picha kwenye hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha kilomita 16,000 wakiuliza hospitali hadi hospitali: je, mnawaona watoto kama hawa? Walionyesha kwamba saratani ile ilifuata ukanda wa joto na mvua. Leo inaitwa kwa jina lake, na utafiti wake ndio uliowafikisha Anthony Epstein na wenzake London kwenye kugundua, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alikutana na mawazo ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini, aliyedai kwamba sukari na unga uliokobolewa sana ndivyo chanzo cha maradhi mengi ya nchi tajiri. Burkitt aliyapima madai hayo kwa kumbukumbu zake za miaka 20 ya kupasua watu Uganda. Alikumbuka kwamba mara chache sana alikuwa amekutana na kidole tumbo, mawe ya nyongo, bawasiri au saratani ya utumbo mpana kwa wanakijiji. Alirudia mbinu yake ya zamani: barua kwa hospitali za misheni, maswali mafupi, hesabu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet ulinganisho wa choo cha watu wa mataifa mbalimbali. Kwa wanakijiji wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa, chakula kilipita tumboni kwa takriban siku moja na nusu. Kwa mabaharia wa Uingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Hapo neno nyuzinyuzi likaanza kuingia kwenye mazungumzo ya watu wa kawaida.

Katika mihadhara yake alipenda kuonyesha mchoro wa sinki linalofurika. Bomba liko wazi, maji yanamwagika, na madaktari wako chini wanadeki sakafu kwa bidii. Hakuna anayenyoosha mkono kulifunga bomba. Huo ni ufa wa methali yetu ya pili kwa umbo la maji.

Uadilifu unadai niseme pia mipaka ya kazi yake. Burkitt alihesabu waliofika hospitalini, na wengi hawakufika. Watu wa vijijini walikuwa vijana kwa wastani, na maradhi mengi aliyoyataja ni ya uzeeni. Majaribio yaliyofanywa baadaye hayakuthibitisha kila alichodai. Lakini kiini chake kimesimama. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walibadilishana chakula kati ya Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini kwa wiki mbili tu. Wamarekani walikula chakula cha kijijini, wanakijiji wakala cha Kimarekani. Dalili za hatari ya saratani ya utumbo zilipungua kwa wa kwanza na kuongezeka kwa wa pili. Sahani kweli ina nguvu.

Sasa tuje kwenye ugumu wa kimaadili, ambao mchoro wa bomba hauuonyeshi. Yule Trowell aliyemwita Burkitt mwaka 1957 alikuwa amechunguza kwa miaka mingi kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaovimba kwa utapiamlo, na mwaka 1954 aliandika na wenzake kitabu juu yake. Baadaye ndiye aliyeshirikiana na Burkitt katika kazi ya nyuzinyuzi. Kwa hiyo sahani ya Kampala iliwafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba inamkinga mtu mzima dhidi ya bawasiri, na kwamba inamwacha mtoto avimbe miguu. Somo la kwanza lilisafiri hadi Ulaya likauza mikate na nafaka za asubuhi. Somo la pili lilibaki kwa wenyewe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na akiisifu sahani ya maskini kwa sababu ina nyuzinyuzi, anaweza kusahau kwamba maskini hakuichagua.

Hapa Malawi jambo hili lina majina yake. Unga wa mahindi usiokobolewa huitwa mgaiwa. Uliokobolewa na kuloweshwa hadi ukawa mweupe huitwa ufa woyera. Kwa hoja ya Burkitt, mgaiwa ni bora. Niliwahi kumwuliza mama jirani yetu Dzaleka kati ya hivyo viwili anapenda upi. Alikuwa akipepeta mahindi, hakuacha kupepeta. Alinijibu: "Mwanangu, kupenda ni kwa mwenye viwili."

Jibu lake naliona kuwa na falsafa nzito. Wanafalsafa husema kwamba wajibu hudai uwezo. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutofanya jambo lisilo katika uwezo wake. Ushauri wa chakula unadhania kwamba mlaji anachagua. Ukimwambia mwenye duka la Lilongwe apunguze sukari, umemwachia uamuzi ulio wake. Ukimwambia mtu anayeishi kwa mgao ale mayai, umempa amri ya kutekelezwa na mtu mwingine asiyekuwapo chumbani.

Nasema hivi kwa sababu nimeliona. Baba yangu mdogo alipasuliwa utumbo katika hospitali moja ya Lilongwe, akahudumiwa vizuri. Siku ya kuruhusiwa aliambiwa ale vizuri: mayai, samaki, maziwa, uji wa lishe. Ushauri huo ulikuwa sahihi. Ni somo lilelile la Studley na Cuthbertson. Lakini nyumbani tulikuwa watu saba, na mgao ulikuwa umekwisha kabla ya mwezi. Majirani walichanga. Mama mmoja Mrundi alileta mayai matatu, wengine wakaleta kikombe cha usipa, wengine unga wa Likuni phala, ule mchanganyiko wa mahindi na soya uliopewa jina la Likuni, pembeni mwa Lilongwe. Hakuna aliyeuliza maswali. Mgonjwa haulizwi uji. Kidonda kilifunga baada ya zaidi ya miezi miwili. Baba mdogo alikuwa akicheka akisema, "Daktari aliniandikia dawa nzuri, ila duka lake halipo huku kwetu."

Ni nani basi aliyelifungia duka hilo? Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ilikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangiwa watu elfu kumi na kitu; leo tunazidi 50,000, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti, yakiwamo ya haki ya kufanya kazi na ya kutembea na kuishi popote. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, wakiwamo wenye maduka na mashamba. Sitaki kuifanya Malawi mwovu wa insha hii. Ni nchi yenye njaa yake yenyewe, na imetupokea kwa miaka 30. Lakini ukifuata maji kutoka sakafuni hadi kwenye bomba, ukitoka kwenye kidonda cha baba mdogo unapita kwenye sahani, kwenye mgao uliopunguzwa na wafadhili walio mbali, halafu unafika kwenye sheria. Katika Kichewa neno ufa maana yake ni unga. Kwa hiyo methali ya Kiswahili ikisomwa Dzaleka ina maana mbili, na zote mbili ni za kweli: ufa wetu uko kwenye ufa.

Kuna watakaosema kwamba daktari si mwanasiasa. Akianza kufuatilia mabomba, nani atapasua? Hoja hii ina uzito. Mgonjwa anayetoka damu hahitaji mhadhara juu ya sheria za ukimbizi. Mpasuaji akiacha chumba cha upasuaji ili akaandamane, mtu atakufa mezani, na kifo hicho hakitafutwa na nia yake njema. Wengine wataongeza kwamba kutazama chanzo hugeuza watu kuwa takwimu: ukipenda kufunga bomba sana unaweza kumruka mtu aliyeteleza kwenye maji. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo.

Lakini historia niliyoieleza inaonyesha kwamba mambo haya mawili hayakai mbalimbali kama hoja inavyodhani. Burkitt hakulijua bomba kwa kukaa maktabani. Alilijua kwa sababu alikuwa amedeki kwa miaka 20, na alihesabu alichokiona wakati akideki. Kuhesabu kule hakukumzuia kupasua. Barua zake zilikuwa fupi, na maswali yake yangeweza kujibiwa na muuguzi yeyote mwenye daftari.

Mfano wa karibu zaidi uko hapahapa Dowa. Zamani mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa wiki nyingi akinyweshwa maziwa maalumu, na mama yake aliwaacha wadogo zake nyumbani na shamba bila jembe. Wafaransa André Briend na Michel Lescanne walikuwa wametengeneza siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini, ambayo haihitaji maji wala kupikwa. Malawi huitwa chiponde. Kuanzia mwaka 2001 daktari Mark Manary aliijaribu Blantyre kwa watoto waliotibiwa nyumbani kwao, na wakati wa njaa ya mwaka 2002 wilaya ya Dowa ikawa moja ya mahali pa kwanza duniani kuwatibu watoto hao kijijini badala ya wodini. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliikubali njia hiyo kwa ulimwengu mzima. Waliofanya hivyo waliuliza swali la Burkitt: kwa nini mama anaondoka wodini kabla ya mtoto kupona? Jibu lilikuwa katika maisha yake, na tiba ikabadilishwa ifuate maisha hayo.

Hata hivyo chiponde nacho kina kikomo. Mtoto akishapona hurudi kwenye sahani ileile. Tukiridhika na hapo tutakuwa tumetengeneza tambara bora zaidi la kudekia.

Jibu langu basi ni hili. Wajibu wa kwanza wa daktari ni kwa mgonjwa aliye mbele yake, na wajibu huo haungoji sheria ibadilike. Methali ya kwanza inatangulia. Lakini ujuzi huzaa deni. Aliyejua kwamba kidonda hakitafunga bila protini, na akajua kwamba protini haipatikani kwa sababu zilizoamuliwa na watu, hawezi tena kusema "kula vizuri" kana kwamba maneno hayo yamekamilika. Anadaiwa kuyapeleka hadi kwa mwenye uwezo wa kuyatimiza. Hahitaji kuandamana. Anahitaji kuandika. Faili la mgonjwa lina nafasi ya shinikizo la damu, joto la mwili na uzito. Linaweza kuwa na mistari miwili zaidi: jana alikula nini, na chakula hicho kilitoka wapi. Mistari hiyo ikijazwa kwa wagonjwa mia itakuwa habari. Ikijazwa kwa wagonjwa elfu itakuwa ushahidi ambao mfadhili au waziri hawezi kuuita malalamiko ya wakimbizi. Watoto wa Kampala walionekana kwa sababu mtu alihesabu.

Na deni hilo lina upande wa pili. Wanakijiji wa Uganda ambao choo chao kilipimwa, na akina mama wa Dowa ambao watoto wao walijaribiwa chiponde, waliifundisha dunia. Wanastahili kuambiwa walichofundisha, kwa lugha wanayoielewa, na kuulizwa swali linalofuata liwe lipi. Nadhani mama jirani yetu tayari analo. Hataki kuambiwa ni unga upi bora. Anauliza lini atakuwa na viwili vya kuchagua.